Hamlin hakuibiwa Phoenix, lakini mfumo ule ulistahili kuondoka

Mashabiki wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, bado hawajamaliza kubishana kuhusu Phoenix, mbio za mwisho za msimu wa 2025. Tarehe 2 Novemba 2025 ilibaki mizunguko mitatu tu Denny Hamlin awe bingwa wa Cup Series, ligi kuu ya NASCAR, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alianza wa kwanza, akaongoza mizunguko 208, na wenzake watatu waliokuwa wakigombea naye taji, Kyle Larson, William Byron na Chase Briscoe, wote walikuwa nyuma yake. Mara tairi la Byron likapata pancha, gari likagonga ukuta, bendera ya njano ya tahadhari ikatoka. Mbio zikaingia muda wa nyongeza: mizunguko miwili ya kufa na kupona. Magari yakaingia kubadilisha matairi: Hamlin akachukua manne, Larson mawili tu, ambayo huchukua muda mfupi zaidi. Waliporudi kwenye mstari Larson alikuwa wa tano na Hamlin wa kumi. Ryan Blaney akashinda mbio, Larson akamaliza wa tatu, Hamlin wa sita. Taji likaenda kwa Larson, ambaye siku ile hakuongoza hata mzunguko mmoja, na ambaye hakuwa ameshinda tena tangu Mei kule Kansas.

Tangu hapo wimbo ni mmoja: Hamlin kaibiwa. Alikuwa na ushindi 60, hakukuwa na dereva mwenye ushindi mwingi kiasi hicho asiye na taji, na mwaka ule alishinda mara sita, kuliko mtu mwingine yeyote. Larson alishinda mara tatu. Ukiziweka hesabu hizo mezani, kweli inauma.

Ila mimi sikubaliani na neno "kaibiwa". Tangu 2014 kila timu ilijua kwamba msimu mzima wa mbio 36 unaishia kwa madereva wanne na mbio moja, na atakayemaliza mbele ya wenzake watatu ndiye bingwa. Larson hakuhitaji kuongoza, alihitaji kumaliza mbele ya Hamlin. Fundi mkuu wake, Cliff Daniels, alijua kwamba kwa mizunguko miwili nafasi barabarani ina thamani kuliko tairi jipya. Upande wa Hamlin waliamua matairi manne, wakitegemea kwamba wengine wengi nao watafanya hivyo. Haikuwa hivyo. Huo ni uamuzi ulioshindwa, na uamuzi ni sehemu ya mchezo huu kama ulivyo usukani.

Kwa hiyo anayetaka kuushambulia mfumo wa zamani asianzie Phoenix. Aanzie Richmond, Agosti 2024.

Austin Dillon alikuwa wa 32 kwenye msimamo. Kwa pointi, hakuwa na njia ya kuingia kwenye mchujo wa madereva 16 wanaogombea taji mwishoni mwa msimu. Lakini sheria ilisema ukishinda mbio moja tu, umeingia. Basi kona mbili za mwisho akampiga Joey Logano kwa nyuma akamgeuza, kisha akamgonga Hamlin upande wa nyuma kulia akamtupa ukutani, akavuka mstari wa kwanza. NASCAR wakamwachia ushindi lakini wakamnyima nafasi ya mchujo. Watu walimlaani Dillon, na sikatai, alistahili. Lakini jiulize aliyekuwa wa 32 angepoteza nini kwa kuwagonga wawili. Hakuna. Sheria ndiyo iliyomwekea zawadi mbele ya macho. Wiki mbili baadaye Harrison Burton, wa 34 kwenye msimamo, akashinda Daytona bila kumgonga mtu makusudi, akaingia kihalali kabisa, akiwaacha nje waliokusanya pointi nyingi kuliko yeye miezi sita.

Mwaka huohuo Logano alitolewa kwenye mchujo pale Charlotte. Kisha gari la Alex Bowman likakutwa na uzito pungufu baada ya mbio, Bowman akaondolewa, Logano akarudishwa. Wiki iliyofuata akashinda Las Vegas kwa kubana mafuta, na Novemba akawa bingwa kwa mara ya tatu. Wastani wake wa kumaliza ulikuwa nafasi ya 17, mbaya kuliko wa bingwa yeyote aliyemtangulia. Namheshimu Logano, maana kwenye mbio za presha anakuwa mtu mwingine kabisa. Lakini ligi inayompa ubingwa mtu mwenye wastani wa nafasi ya 17 inabidi ijieleze.

Wanaoutetea mfumo wa zamani nao wana hoja. Shane van Gisbergen, Mnyuzilandi, alishinda mbio tano mwaka 2025, zote kwenye njia zenye kona za kulia na kushoto: Mexico City, Chicago, Sonoma, Watkins Glen na Charlotte. Kwenye viwanja vya mviringo alikuwa bado anajifunza, na kwa pointi hakuwa ndani ya 16 bora. Sheria ya zamani ilimwingiza kwenye mchujo. Ukiniuliza kama mtu aliyeshinda mara nne kabla ya mchujo anastahili kubaki nje, nitasita kujibu.

Sasa NASCAR wameamua. Januari 2026 walitangaza kurudisha Chase, mfumo waliowahi kuutumia: madereva 16 kwa pointi tu, mbio 10 za mwisho, hakuna kutolewa njiani, hakuna fainali ya wanne. Ushindi umepanda kutoka pointi 40 hadi 55. Hapo ndipo naona akili ya mabadiliko haya, na watu wanapapita haraka. Wa pili hupata 35. Zamani ukishinda ulimzidi wa pili kwa pointi tano tu. Sasa ni 20. Dereva bado ana sababu ya kukaza mguu mizunguko ya mwisho, lakini wa 32 hana tena sababu ya kumtoa mtu barabarani.

Gharama ipo. Katika mbio moja, cha juu kabisa dereva anachoweza kuchota hakifiki pointi 80. Anayeongoza kwa zaidi ya hapo akifika Homestead, kwenye mbio za mwisho mwezi wa Novemba, atakuwa bingwa kabla hajawasha gari, na wenye televisheni hawatafurahi. Ni tofauti ya ligi na kombe: ligi humpata aliye bora, kombe huwajaza watu uwanjani.

Mark Martin, aliyemaliza msimu wa pili mara tano bila kupata taji, alipigania mbio zote 36 zihesabiwe sawa. Hakupewa. Baada ya mbio 26 pointi zinapangwa upya: wa kwanza anaanza na 2,100, wa pili 2,075, wa tatu 2,065. Aliyekuwa akiongoza kwa pointi 150 anabaki na 25, ziada ambayo mwenzake anaweza kuifuta yote kwa jioni moja nzuri.