Kumchua mgonjwa wa Parkinson ni kumpunguzia adha, si kumponya

Wengi humtambua mwenye ugonjwa wa Parkinson kwa mkono unaotetemeka, lakini ukimsikiliza mwenyewe, mara nyingi kinachomtesa zaidi ni kukakamaa: shingo haigeuki, mabega yanauma, na kujigeuza kitandani usiku ni kazi nzito. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoona kuchuliwa misuli kuwa anasa ya watalii hotelini. Mikono ya mchuaji hodari huweza kulegeza misuli na kutuliza maumivu na wasiwasi. Hata tumbo likichuliwa taratibu, huweza kumpa nafuu mgonjwa anayekosa choo, tatizo ambalo kwa wengi hutangulia mtetemeko kwa miaka kadhaa.

Nafuu hiyo, hata hivyo, ni ya muda. Chanzo cha kukakamaa huko hakimo misulini bali ubongoni, ambako seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa, na hakuna mafuta, yawe ya nazi au ya karafuu, yanayofika huko. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaojitangaza kwamba wanautibu ugonjwa huu kwa kuchua. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwakuta wagonjwa ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini, sembuse kupewa dawa. Familia ya namna hiyo ikishawishiwa kumlipa mchuaji kabla ya kununua levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, imepotoshwa. Mazoezi ya viungo nayo yana ushahidi mzito kuliko kuchuliwa, na kutembea hakuna kiingilio.

Anayechuliwa apangiwe wakati ambao kidonge kimeshaanza kufanya kazi, kwa maana kumlaza na kumgeuza mtu ambaye dawa imemwishia nguvu ni kumtesa, na kumbonyeza kwa nguvu hakumlegezi. Akimaliza asiinuliwe ghafla: wagonjwa wengi hushuka shinikizo la damu wanaposimama, na kuanguka katika umri wao huweza kuvunja nyonga. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Aliyepandikizwa kifaa cha kusisimua ubongo asibonyezwe kifuani kilipo kifaa wala shingoni unapopita waya.

Ningependa wataalamu wa fiziotherapia wawafundishe wake, waume na watoto wa wagonjwa kuchua mabega, mikono na nyayo, kwa sababu hao ndio wanaojua dawa imemezwa saa ngapi na huisha nguvu lini, jambo ambalo mchuaji wa kulipwa hana budi kuuliza, na wengi hawaulizi.