Dharura ina kipimo chake

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo sitamhubiria mtu aliyekaa miezi bila mshahara hadi akakubali kazi ya kudanganya watu. Nimewahi kukaa hivyo. Kazi niliyoipata ilikuwa ya kupiga simu: kuwaambia wanaotafuta ajira kwamba nafasi zao zipo tayari, watume tu ada ya usajili. Nafasi hazikuwapo. Kwenye karatasi ya maneno tuliyopewa, mstari mmoja ulikuwa umekolezwa wino: "Usimpe muda wa kufikiri."

Siku ya tatu mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, nikikopa hizi hela, kweli kijana wangu ataanza kazi?" Nikamjibu ndiyo. Niliacha kazi ile wiki mbili baadaye, baada ya kulipwa. Wiki hizo mbili ndizo zinazonikosesha raha hadi leo.

Watu hupenda kusema dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Ni kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, na ni ya huruma. Lakini haiendi peke yake. Ipo nyingine isemayo dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: anayekufa njaa ataila nyamafu, ila kiasi cha kumwokoa tu. Na ipo ya tatu, ambayo ndiyo iliyonishika mimi: dharura haibatilishi haki ya mwingine. Ukila chakula cha mtu ili usife, utamlipa. Shida yangu ilikuwa ya kweli. Ya yule mama pia, na mimi nilimtwisha yangu juu ya yake.

Wanaopanga kazi hizi wanajua hasa nani hawezi kukataa. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 kwa sababu wafanyakazi, wakibanwa na malengo ya mauzo, walifungua akaunti kwa majina ya wateja bila idhini yao. Wapatao 5,300 walifukuzwa, wengi wao wa ngazi za chini.

Kwa hiyo aliyebanwa simlaumu kwa siku ya kwanza. Namuuliza kuhusu siku ya kumi na tano: bado anatafuta kazi nyingine? Ameshaacha kusema ule uongo mbaya kuliko wote? Kuna anachoweza kurudisha?

Mimi nilipopata kazi ya halali nilitaka kurudisha. Namba ya yule mama sikuwa nimeiandika popote.