Matokeo ya utafiti ni haki ya mama aliyetoa damu yake

Wiki iliyopita nilipokea barua kutoka kwa watafiti ambao nilishiriki katika utafiti wao nilipokuwa mjamzito hapa Uingereza. Ni kurasa mbili tu, zimeandikwa kwa lugha ambayo mtu asiye daktari anaielewa, na zinaeleza swali lililokuwa linatafutiwa jibu, idadi ya kina mama walioshiriki na kilichogunduliwa. Matokeo yenyewe hayakuwa ya kusherehekea, kwa sababu dawa iliyojaribiwa haikumsaidia mama kuliko kidonge kisicho na dawa, na barua ililisema hilo waziwazi. Hata hivyo nilifurahi sana. Niliona kwamba miaka yote hii kuna mtu aliyekumbuka kuwa ile damu iliyokuwa maabara ilitoka mkononi mwa mtu mwenye jina na anwani, na kwamba mtu huyo anastahili kuambiwa ilichofanya.

Nilimpigia simu dada yangu Tanzania kumsomea barua hiyo, naye akaniuliza swali lililonikosesha usingizi: kwa hiyo huko wanarudi kuwaambia? Yeye alishiriki utafiti wakati wa mimba yake ya pili. Alitia sahihi fomu ya ridhaa, akapimwa shinikizo la damu na mkojo kila alipokwenda kliniki, akaulizwa maswali ya ndani kabisa ya maisha yake, na hata baada ya kujifungua akafuatwa nyumbani. Mtoto sasa anasoma shule, na hadi leo dada hajui utafiti ule ulipata nini.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa kwamba nimekaa Ulaya nikasahau nilikotoka, na kwamba ni rahisi kukosoa ukiwa mbali. Naomba nisomwe hadi mwisho kabla ya hukumu hiyo, kwa sababu hoja yangu inatokana na fahari niliyo nayo juu ya kina mama wa nyumbani. Laiti mchango wao ungekuwa mdogo, nisingekuwa na la kudai.

Mwaka 2007 jarida la tiba la New England nchini Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam, ambapo wajawazito 8,468 wasio na virusi vya Ukimwi walipewa ama vidonge vya vitamini mbalimbali ama vidonge visivyo na dawa, na ikaonekana kwamba vitamini hizo zilipunguza idadi ya watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Mapema mwaka 2024 jarida hilohilo lilitoa matokeo ya utafiti wa kalsiamu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri kwamba wajawazito ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo wapewe miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, ili kuwakinga na lile shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kiasi hicho ni vidonge vikubwa vitatu au vinne kila siku kwa miezi mingi, na nchi nyingi zilishindwa kuvinunua na kuvisambaza. Watafiti wakauliza iwapo miligramu 500 zingetosha. Wajawazito 11,000 wa Tanzania na wengine 11,000 wa India wakashiriki, na katika nchi zote mbili dozi ndogo haikuonekana kuwa dhaifu kuliko dozi kubwa katika kuzuia ugonjwa huo. Mjamzito yeyote duniani atakayemeza kidonge kimoja pale ambapo angetakiwa kumeza vitatu, ana deni kwa wanawake wale.

Kuna pia utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, uliohusu kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Uliongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham, lakini waliojifungua ndani yake, zaidi ya 200,000, walikuwa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kila mkunga wa kwetu anajua tatizo lenyewe: damu hukadiriwa kwa macho, na macho hudanganya, hasa usiku na hasa mkunga akiwa peke yake na kina mama wengi. Katika utafiti huo mama aliwekewa chini yake plastiki yenye mfuko uliopigwa alama za vipimo, ili damu ionekane ni kiasi gani, na mara kipimo kilipovuka mpaka, matibabu yote yakatolewa kwa pamoja: kukandwa kwa mji wa mimba, dawa za kuukaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipa, na uchunguzi wa chanzo cha damu hiyo. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida zilitambua takribani nusu tu ya kina mama waliokuwa wakitokwa damu kupita kiasi, ilhali zilizotumia utaratibu mpya zilitambua zaidi ya asilimia 90. Matukio mabaya zaidi, yaani kutokwa damu nyingi mno, kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya damu hiyo, au kufa, yalipungua kwa asilimia 60.

Na asiniambie mtu kwamba sisi ni wa kutoa damu tu na akili hutoka kwingine. Utafiti wa Safer Births, uliohusu kuwafundisha na kuwapa vifaa wahudumu wanaozalisha, ulichapishwa mwaka 2025 na uliongozwa kutoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, na mtafiti mkuu wake ni Mtanzania, Benjamin Kamala. Ulihusisha vituo 30 katika mikoa 5, na katika vituo hivyo vifo vya kina mama vilishuka kwa takribani robo tatu. Niliposoma habari hiyo hapa nilipo, niliwatumia wenzangu kazini, na sikuona haya kuwaambia kwamba ninatoka huko.

Basi kinachonikera ni hiki. Maarifa haya yaliyotoka katika miili ya kina mama wa kwetu huandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo muuguzi wa zahanati hana uwezo wa kuyafungua, yakajadiliwa katika mikutano ambayo mama hawezi kuingia. Muuguzi akibahatika atayasikia kwenye semina, yakiwa yamegeuzwa kuwa mwongozo. Mama aliyekuwa namba fulani katika orodha ya washiriki hasikii lolote. Sitaji utafiti wowote kwa lawama. Ninazungumzia mazoea ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito anayafahamu: watafiti huja, huuliza, huchukua, huondoka.

Wapo watakaosema kwamba barua kama yangu ni anasa ya nchi tajiri. Azimio la Helsinki, ambalo ndilo msingi wa maadili ya utafiti wa tiba duniani tangu mwaka 1964, limesema waziwazi katika toleo lake la mwaka 2013 kwamba washiriki wote wa utafiti wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo yake kwa ujumla. Neno lililotumika ni wote. Mama wa Tanzania amo ndani ya neno hilo sawa na mama wa Uingereza, na anayelidai hajivuni.

Watasema pia kwamba mama anahitaji kitanda, dawa na mkunga, na kwamba barua haimwokoi mtu. Hoja hii naiheshimu, na kama ingekuwa lazima kuchagua, ningechagua mkunga bila kusita. Hatuchagui, hata hivyo, kati ya viwili hivyo. Bajeti ya utafiti si bajeti ya zahanati. Fedha za kuchapisha na kusafiri kwenda kwenye mikutano hutengwa siku ya kwanza, na za kumjulisha mshiriki zingeweza kutengwa siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo, taarifa yenyewe huokoa. Mama aliyeelezwa kwamba macho hayatoshi kukadiria damu atauliza damu yake inapimwaje, na ndugu aliyemsindikiza atajua kwamba kuita mkunga mapema si usumbufu.

Hoja ya kwamba kina mama wa kwetu hawataelewa ndiyo inayoniumiza zaidi, na mara nyingi husemwa na watu wenye shahada. Mwanamke anayeweza kuelezwa utafiti vya kutosha hadi akatia sahihi ya ridhaa, anawezaje ghafla kuwa mjinga siku ya matokeo? Kama hakuelewa, basi ridhaa yake haikuwa ridhaa. Na njia ya kumfikia haikosekani. Tangu mwaka 2012 Wizara ya Afya, kupitia kampeni ya Wazazi Nipendeni, ilituma bure ujumbe wa simu kwa Kiswahili kwa wajawazito na kina mama wenye watoto wachanga, ikiwakumbusha kliniki na dalili za hatari. Kama ujumbe wa dalili za hatari ulieleweka, ujumbe wa sentensi nne kuhusu kalsiamu utaeleweka.

Wengine watanikumbusha kwamba Uingereza nayo ina aibu yake, na ni kweli. Ripoti za uchunguzi wa vifo vya kina mama, zinazotolewa chini ya mpango wa MBRRACE-UK, zilionyesha mwaka 2018 kwamba mwanamke Mweusi alikuwa na hatari ya kufa takribani mara tano ya mwanamke Mzungu. Pengo hilo limepungua tangu wakati huo lakini halijaisha. Nilizisoma ripoti hizo nikiwa mjamzito, nikiwa mwanamke Mweusi, nikaogopa. Lakini nilizisoma. Ziko wazi kwa kila mtu, zina muhtasari kwa lugha nyepesi, na uchunguzi wa aina hii ulianza England na Wales mwaka 1952. Kwa sababu aibu hiyo iko mezani, wanawake Weusi wa hapa wameishika na kuipeleka hadi bungeni.

Ripoti hizohizo humfuatilia mama hadi mwaka mmoja baada ya ujauzito kuisha, na humo ndimo nilimojifunza kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kina mama kati ya wiki ya sita na mwisho wa mwaka huo. Kwetu mama akishajifungua, macho yote huhamia kwa mtoto: uzito wake, chanjo zake, kadi yake. Mama mwenye huzuni isiyoisha huambiwa amshukuru Mungu kwa mtoto mzima. Napenda kuona wanafunzi wetu wa udaktari na ukunga wakiufanyia utafiti mwaka huo wa kwanza, na wakirudi kuwaeleza kina mama walichokikuta.

Kwa hiyo namwomba yeyote anayeandika pendekezo la utafiti wa afya ya uzazi sasa hivi, na wajumbe wa kamati za maadili watakaolisoma: ulizeni ni lini na kwa njia gani washiriki watapewa matokeo kwa Kiswahili, hata yakiwa kwamba dawa haikufaa, na msitoe kibali hadi jibu liandikwe pamoja na gharama yake. Namba za simu za kina mama tayari zimo kwenye fomu zenu, maana ndizo mnazozitumia kuwaita anapokosa mmoja wao kuja kupimwa.