Tutafute faji za Klebsiella kwenye mitaro yetu wenyewe

Aliyewahi kuotesha bakteria aitwaye Klebsiella maabara anamjua kwa macho kabla ya kipimo chochote. Juu ya sahani ya agari, rojo la kuoteshea bakteria, inameta, imenona, imelowa. Zile aina kali, ukizigusa kwa kitanzi cha maabara na kuinua mkono, zinavutika uzi kama mlenda. Ute ule ni sukari: koti nene alilojivika bakteria, chembe nyeupe za damu zikose pa kumshika.

Huyu ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto wachanga Afrika. Wodi za watoto njiti zinamjua. Antibiotiki ya seftriaksoni mara nyingi haimtishi tena.

Ndiyo maana nazipigia debe faji, virusi vinavyoshambulia bakteria, ambavyo Félix d'Hérelle alivipa jina mwaka 1917 huko Paris. Kwa faji nyingi za Klebsiella, koti hilo ndilo mlango wenyewe. Kwenye mkia zina vimeng'enya vilivyosukwa tatu tatu, vinavyodaka mnyororo wa sukari na kuukata, kipande baada ya kipande, hadi kirusi kifike kwenye ukuta wa bakteria na kuingiza jeni zake. Kwenye sahani unaliona jambo hili bila hadubini. Katikati pana tundu angavu, bakteria wamekufa. Kulizunguka pana duara la ukungu linalozidi kutanuka hata siku ya pili. Kwenye ukungu ule bakteria wako hai, ila wamevuliwa koti: kimeng'enya kimesambaa na kufika mbali kuliko virusi vyenyewe.

Wapo wanaosema faji ni kupoteza muda kwa kuwa bakteria hujenga usugu upesi. Kweli hujenga. Lakini mara nyingi hujinusuru kwa kuacha kutengeneza koti, na akiliacha tu, kinga ya mwili inampata kirahisi. Usugu wa namna hiyo mimi naupokea kwa mikono miwili.

Kinachoniumiza kichwa ni wingi wa makoti. Upimaji wa zamani wa seramu ulitambua aina zaidi ya 70, usomaji wa jeni umepita 100, na faji moja kwa kawaida hukata aina moja au mbili tu. Mama mmoja aliyejeruhiwa kwenye mlipuko wa uwanja wa ndege wa Brussels mwaka 2016 alitibiwa kwa faji kutoka Tbilisi, Georgia, pamoja na antibiotiki. Faji ile ilizoeshwa kwanza kwa bakteria wake yeye mwenyewe. Sasa nani atatuzoeshea za kwetu? Tukisubiri shehena ya faji kutoka nje, tutapokea mikasi iliyonolewa kwa makoti ya watu wengine.

Kila Klebsiella inayotoka kwenye damu ya mtoto ihifadhiwe kwenye friji la nyuzi 80 chini ya sifuri, isitupwe. Halafu mtu aende na chupa kwenye mtaro wa maji taka nyuma ya wodi, maana walipo bakteria na faji zao huwapo. Maji hayo yachujwe, yadondoshwe juu ya bakteria wa mtoto wa jana, sahani iwekwe kwenye joto la nyuzi 37, na asubuhi tulitafute lile duara la ukungu.