Amplifaya Ikizima, Shuku Umeme Kwanza

Sauti ikikatika katikati ya onyesho, wa kwanza kulaumiwa ni amplifaya, mashine inayokuza sauti na kuilisha spika. Ndiyo yenye taa nyekundu, ndiyo yenye joto, kwa hiyo inang'olewa na kupelekwa kwa fundi. Huko karakana inawashwa, inapiga vizuri kutwa nzima, na fundi anairudisha akisema haina shida. Anasema kweli. Shida ilibaki kule kwenye soketi.

Msimamo wangu ni kwamba kufuatilia hali ya amplifaya bila kufuatilia umeme unaoilisha ni kazi nusu. Na masikio peke yake hayaiwezi kazi hiyo, hata yawe masikio ya fundi mitambo aliyebobea.

Chukua umeme wa volti 230 ulioshuka hadi 207. Umepungua asilimia 10. Kama amplifaya haina mfumo wa ndani wa kurekebisha volti, nguvu ya juu inayoweza kutoa inashuka kwa takriban asilimia 19, maana nguvu hufuata mraba wa volti. Lakini kwa sikio, tofauti hiyo haifiki hata desibeli 1. Hakuna atakayeisikia. Kinachopungua ni nafasi ya vishindo vya ngoma na besi. Vilele vya sauti vinaanza kukatwa, muziki unakosa mdundo, na mtu wa mixa, yule anayechanganya sauti, anaongeza sauti ili kuurudisha. Hapo amplifaya inaklipu, yaani inakata vilele hivyo, mfululizo, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua. Kesho yake utasikia watu wakisema spika zilikuwa feki.

Upungufu huo mara nyingi tunautengeneza kwa mikono yetu wenyewe. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kilomita. Ekstensheni ya mita 50 ni mita 100 za shaba ukihesabu kwenda na kurudi, yaani omu 1.2. Mzigo ukivuta ampea 16, volti 19 hivi zinapotelea njiani na kugeuka joto. Kebo ikiwa bado imeviringwa kwenye gurudumu lake, joto hilo halina pa kutokea, na plastiki inaweza kuyeyuka.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wanapima kabla ya muziki kuanza, mita ya volti inasoma 230, wanaridhika. Bila mzigo hakuna mkondo, na bila mkondo hakuna volti inayopotea kwenye waya. Kipimo chenye maana ni kile unachokisoma mwisho wa kebo, pale ilipo rafu, lile kabati la amplifaya, besi ikigonga kwa kiwango cha onyesho lenyewe. Andika namba hiyo. Ikianza kushuka usiku unavyosonga, unajua jenereta inachoka au kuna kiungo kinachopata moto mahali fulani, na unajua mapema.

Kuna hitilafu moja ya umeme ambayo haitaki mjadala: kukatika kwa nyutro, waya wa pamoja wa kurudisha umeme, kwenye mfumo wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto. Fezi zenye mzigo mdogo zinaweza kupanda kuelekea volti 400 huku nyingine zikididimia. Ukiona baadhi ya taa zimeng'aa kupita kiasi na nyingine zimefifia kwa wakati mmoja, zima kila kitu papo hapo, kisha mwite fundi umeme. Na wale wanaokata waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, ili kuondoa mvumo kwenye spika waache kabisa. Mwimbaji ameshika maikrofoni ya chuma mkononi.

Amplifaya nyingi za kisasa zinaonyesha kwenye kompyuta joto, volti, mkondo na ukinzani wa kila chaneli. Nazipenda sana, ila zinahitaji mtu anayeelewa anachokisoma. Spika mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba huonekana kama omu 4. Namba ikiruka ghafla hadi 8, moja imekufa au plagi imechomoka. Ikianguka karibu na sifuri, kuna shoti. Lakini ikipanda polepole kutoka 4 hadi 5 na ushee, usikimbilie kubadilisha spika. Koili ya shaba iliyo ndani ya spika ikipata joto ukinzani wake huongezeka, kama asilimia 39 kwa kila nyuzi 100 za Selsiasi. Hapo spika inakwambia imechoka, na dawa yake ni kupunguza sauti.

Taa ya protekti, inayowaka amplifaya ikijikinga, nayo ina maana yake. Kuzima na kuwasha mara tano ukitumaini itakubali ni kuitesa mashine. Zima, chomoa waya za spika, washa tena. Taa ikitoweka, tafuta tatizo kwenye waya au spika. Ikibaki na mashine haina joto, basi ndiyo uanze kuishuku amplifaya yenyewe au umeme unaoingia.

Haya yote yanataka mtu wa kukaa kwenye rafu, mwenye jicho kwenye volti na njia ya kuzungumza na mtu wa mixa. Mara nyingi nafasi hiyo hupewa kijana wa kubeba nyaya, ambaye hata akiona hatari hathubutu kusema. Mimi ningemweka mtu mwenye sauti katika kikosi, na ningempa ruhusa ya kushusha kiwango cha besi bila kumwomba yeyote, hata bendi ikinuna.