Kumbe Lugha Huingia Ikiwa na Yuro

Wiki iliyopita niliingia duka moja la dawa hapa Malindi kutafuta dawa ya kikohozi ya mtoto, nikamkuta hawe mmoja, yaani bibi mzee, ameegemea kaunta anaeleza shida yake kwa Kigiriama. Muuzaji anamjibu kwa Kiswahili. Hawe haelewi, muuzaji anarudia yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. Bado haelewi, sauti inapanda tena. "Mbili asubuhi, mbili usiku! Baada ya kula! KULA!" huku anajionyesha mdomo kwa vidole. Na hawe wala hakuuliza ameze ngapi. Alikuwa anasema amezimeza jana bila kutia kitu tumboni, akazitapika zote, sasa azirudie au aache? Swali la maana kabisa, tena la mtu mwenye akili zake timamu, na linajibiwa kwa makelele.

Nikaingilia, nikatafsiri, yakaisha. Lakini hawe hajamaliza kufunga dawa zake kwenye pindo la leso, akaingia Mtaliano ambaye mbu walimfanyia karamu miguuni. Loo! Muuzaji yuleyule, ulimi ukafunguka. Akamuuliza tangu lini, anawashwa vipi, kuna dawa inayomdhuru, akamtania na kaptura yake, wakacheka wote wawili. Kitaliano cha kuteleza. Nikamsifu, maana kilistahili, nikamuuliza alikipata wapi. Hotelini, akasema, alipokuwa na miaka thelathini na kitu. "Na Kigiriama je, kaka?" Akacheka. "Ah, ndugu yangu, umri ushaenda. Lugha hazishiki tena."

Umri ushaenda! Mtu amezaliwa Malindi, amesoma darasa moja na Wagiriama, nyumba yake imejengwa na fundi Mgiriama, mtoto wake amelelewa na dada Mgiriama, na katika kaunti hii ya Kilifi sisi ndio wengi. Umri ulikuwa wapi miaka yote hiyo?

Sikatai kwamba umri una lake. Mwaka 2018 Hartshorne, Tenenbaum na Pinker walichapisha utafiti wa watu karibu 670,000 waliopimwa sarufi ya Kiingereza kwenye intaneti, wakaona wepesi wa kushika sarufi unadumu hadi kama miaka 17 hivi, kisha unaanza kushuka. Haya, nimekubali. Ila hao walikuwa wanatafuta nani atafikia kiwango cha mzawa, na hapa hakuna aliyekuomba uongee kama mzee wa kaya, msitu wetu mtakatifu. Tunaomba umuulize mgonjwa panamuuma wapi. Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani lugha, wote watu wazima, wengine na mvi zao, inapanga Kiswahili kwa wiki 36 hivi. Wanatoka kwenye Kiingereza, hawajui ngeli ni nini, na wanafika. (Ndiyo, najua kuna Wataliano walioko Casuarina mwaka wa ishirini huu na Kiswahili chao kinaishia "pole pole". Hao makala yao iko siku yake.)

Tena kwa mtu wa Malindi kusema lugha hazishiki ukubwani ni kujikana. Mji huu umejaa ushahidi. Wataliano walikuja Ngomeni na mitambo yao ya San Marco, wakarusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, na Desemba 12, 1970 ikapaa ile iliyoitwa Uhuru. Hoteli, nyumba za kifahari na piza zikafuata. Nani aliwafungulia darasa wavuvi, waosha vyombo, walinzi, wauza vinyago na mama wa kusuka nywele ufukweni? Walijifunza wakiwa wakubwa, wana watoto nyumbani, kwa masikio tu na kwa kuchekwa. Wengine hawajui kuandika hicho Kitaliano lakini wanagombana nacho, wanatongoza nacho, wanapatana bei nacho. Kisha mtu huyohuyo, dereva wa tuktuk mwenye Kigiriama, Kiswahili, Kitaliano, Kiingereza na Kijerumani cha kuokoteza, tunasema "hajasoma". Akitokea mgeni ana lugha tatu, tunamwita kichwa.

Kwa hiyo tuambiane ukweli. Lugha ukubwani huingia pale unapomtaka mwenye lugha. Unataka pesa yake, au mapenzi yake, au kura yake. Mwanasiasa yeyote wa huku, awe ametoka ukoo gani, mwaka wa uchaguzi utamsikia Marafa na Ganze anasalimia "Mudzalamukadze!" kwa madaha. Akishapita, Kigiriama kinarudi kabatini na fulana za kampeni.

Na Kigiriama si Kichina. Kwa Mswahili, hiki ni cha mlango wa pili. Wataalamu wanaziweka lugha zetu, Kiswahili, Kimijikenda (ambamo Kigiriama kimo), Kipokomo na Kikomoro, katika kundi moja waliloliita Sabaki, kwa jina la mto huuhuu unaouvuka ukienda Mambrui. Wewe unasema maji, Mwamu, mtu wa Lamu, anasema mai, mimi nasema madzi. Wewe mji, Mwamu mui, mimi mudzi. Mgeni kutoka Lamu akija, mnamwelewa na mnamsifu kwa Kiamu chake kitamu, mnatega masikio kabisa. Nikifungua mdomo mimi, ghafla ni mlima. Hapo si sikio lililogoma. Ni cheo. Kiamu kina mashairi na misikiti ya zamani nyuma yake, Kitaliano kina yuro, na Kigiriama kwenu ni lugha ya kijakazi na kibarua. Kujifunza lugha ya mtu unayemtuma maji kunawashusha, na bora mseme hivyo kuliko kusingizia umri.

Nimetaja Marafa, basi niseme haki. Wapo wenye maduka huko, Waarabu na Waswahili wa tangu babu zao, ambao Kigiriama chao ukikisikia nyuma ya ukuta hutajua nani anaongea. Wanajua methali, wanajua matusi, wanajua hata namna ya kumpa pole aliyefiwa. Mteja akija na kuku badala ya hela, wanapatana hadi wanamaliza. Hao walihitaji, wakajifunza. Hawakungoja programu ya simu.

Na sisi wenyewe tuna letu, nalisema kwa uchungu. Mtu akijaribu maneno mawili ya Kigiriama tunamcheka, halafu tunahamia Kiswahili haraka ili tumsaidie. Tunamsaidia nini? Tunamfungia mlango. Na watoto wetu wa mjini tunawakataza kabisa, eti watachanganyikiwa shuleni. Mtoto wa dada yangu anamsalimia nyanyake kwa Kiingereza. Nyanya anatabasamu, hajui ameambiwa nini.

Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze lugha za jamii zetu. Nimesoma. Nangojea.

Najua nitaambiwa Kiswahili kinatosha, ndiyo lugha ya taifa, ndicho kinachotuunganisha. Ni kweli, na hapa nakiandika kwa raha zangu zote. Lakini angalia huko "kuunganishwa" kunavyokwenda: siku zote mimi ndiye ninayesafiri kuja kwako. Hawe ashuke kutoka Bungale, apande matatu, afike mjini, kisha avuke na lugha pia, ili wewe uliyeketi kwenye kiti usisogee hata hatua. Siku za sherehe tunajaa kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, shujaa wetu Mgiriama aliyewapinga Waingereza, mahando, zile sketi zetu za asili, yanazungushwa, hotuba zinatolewa, viongozi wanapigwa picha. Waingereza walimkamata mama huyo mwaka 1913 kwa sababu ya maneno aliyowaambia watu wake. Aliyasema kwa lugha gani, kwani? Angeingia leo duka lile la dawa angefokewa ameze mbili asubuhi.

Simwombi kila mtu awe fasaha. Naomba muuguzi, karani wa ardhi, askari wa dawati la malalamiko na muuza dawa wajue salamu, viungo vya mwili, siku za wiki, na maneno ya kumuuliza mtu kapatwa na nini. Kwa Mswahili hilo ni jambo la miezi michache, akiwa na miaka thelathini au hamsini na tano. Darasa lipo sokoni kila asubuhi, kwa mama zetu wanaoshusha mchicha na maembe kutoka Ganda na Kakoneni. Hawatozi ada. Watakucheka, hilo nakuahidi. Hata Wataliano walikucheka enzi zile za hotelini ulipokuwa unabananga maneno yao, na ulivumilia vizuri tu, kwa kuwa kulikuwa na bahashishi.