Geneva Iliamua, King'amuzi Kanunua Nani?

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya televisheni ya analojia yalizimwa Dar es Salaam. Kwa jirani zangu wa Temeke waliokuwa na TV za chogo na antena iliyofungwa juu ya mwanzi, mwaka mpya uliingia na chenga. Fundi wa mtaani alisumbuliwa siku kadhaa kugeuza antena huku na kule, mwishowe akaandika kwa chaki mlangoni pake: "Si antena. Ni king'amuzi."

Lawama ziliishia TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Wachache waliuliza jambo lenyewe lilianzia wapi. Lilianzia Geneva, Juni 2006, kwenye mkutano wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, uliokutanisha nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati. Ziligawana upya masafa ya televisheni na kuweka ukomo wa analojia: 17 Juni 2015. Linalosahaulika ni kwamba mkataba ule haukumwamuru mtu azime mtambo. Ulisema tu kuwa baada ya siku hiyo kituo cha analojia hakitalindwa tena dhidi ya mwingiliano wa mawimbi kutoka nchi jirani. Anayetaka kuendelea aendelee, ila akivurugiwa asilalamike.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Mawimbi hayasimami Horohoro kugongewa muhuri. Mtambo wa Tanga na wa Mombasa ikitumia masafa yaleyale bila makubaliano, wote wawili wanapata chenga. Tena analojia ilikuwa mlafi: chaneli moja ilikalia kipande kizima cha masafa ambamo dijitali inapanga chaneli kumi na zaidi. Nafasi iliyobaki wakapewa watu wa simu. Mkanda wa megahezi 700, uliokuwa wa televisheni, ulikuwemo kwenye mnada wa masafa wa TCRA wa Oktoba 2022. Masafa hayo husafiri mbali na kupenya kuta, kwa hiyo mnara mmoja unahudumia vijiji vingi zaidi. Hata ile +255 unayomtajia ndugu aliye Muscat ni zao la makubaliano ya namna hii, yaliyoanza Paris mwaka 1865 nchi 20 zilipochoka kuandika upya telegramu kila zinapofika mpakani.

Upande wa pili nao hauna mzaha. Ndani ya ITU kila nchi ina kura moja, Tanzania sawa na Marekani. Lakini viwango havitungwi siku ya kura. Hutungwa miaka mingi kabla, kwenye vikao vya wataalamu, na vile vya simu za mkononi hutungwa zaidi ndani ya 3GPP, umoja ulioanzishwa 1998 ambako wahandisi wa kampuni kubwa ndio wanaojaza viti. Mwenye nauli ya kuhudhuria kila kikao ndiye anayeandika. Sisi tunapokea.

Basi ITU iongezewe nguvu? Hoja hiyo ilipimwa kwenye mkutano wa ITU wa Dubai, Desemba ileile ya 2012, wiki mbili kabla ya TV za Temeke kuzimika. Nchi 89 zilitia saini mkataba mpya wa mawasiliano ya kimataifa, 55 hazikutia, Marekani ikiwa mbele kati ya zilizokataa, kwa hofu kwamba serikali zingejipenyeza kwenye intaneti. Ni rahisi kusema wakubwa walikuwa wanalinda kampuni zao, na kwa sehemu ni kweli. Ila sisi tuliohangaika kuifungua Twitter wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 hatuwezi kuiita hofu hiyo ya kizungu.

Mimi nadhani mzozo wa nani aamue unatupotezea swali la nani alipe. Hapo Geneva ina makosa madogo, ya kwetu ndiyo makubwa. Tulianza kuzima miaka miwili na nusu kabla ya ukomo, tukijivuna kuwatangulia majirani. Kenya ilizima 2015, baada ya kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu. Marekani ilizima Juni 2009, ikiwa imetoa kuponi za dola 40 ili kaya zinunulie ving'amuzi. Hapa mama lishe alinunua kwa fedha yake, na aliyeshindwa alirudi banda umiza kutazama mpira. Halafu mwaka 2018 chaneli za bure za nyumbani zikaondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia, kwa kuwa leseni hazikuruhusu, na nyumba iliyotaka taarifa ya habari na ligi ya nje ikajikuta na viboksi viwili chini ya TV moja. Hakuna mjumbe wa Geneva aliyeandika hilo. Ni kanuni za hapahapa, za TCRA yetu ya barabara ya Sam Nujoma.

Suala halijaisha. Mkutano wa ITU wa masafa ya redio wa Dubai wa 2023 uliacha masafa ya megahezi 470 hadi 694, ambayo ndiyo yanabeba ving'amuzi vyetu vya antena, yaendelee kuipa televisheni kipaumbele kwa nchi nyingi za Afrika, na mjadala umepangwa kurudi 2031. Kampuni za simu zinayamezea mate. Ujumbe wetu utapanda ndege na makabrasha ya kutosha, sina shaka. Ningependa tu kusikia, kabla haujaondoka, nani amekwenda Mbagala kuhesabu nyumba ambazo bado zinategemea antena.